Herufi Nzito za Pembe na Mlazo katika Mabango ya Lugha Nne ya Bujumbura: Matumizi, Mipaka na Athari za Kisera

Ikisiri

Makala hii inaeleza aina moja ya fonti za mabango: zile zenye mistari minene, kona zilizokatwa kwa pembe badala ya kuviringwa, na mlazo wa kuelekea kulia. Inafafanua sifa na asili ya fonti hizo, kazi zinazozifanya vizuri, na mahali zinapokwama zinapobeba lugha nne zinazokutana katika mabango ya Bujumbura, yaani Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Hoja kuu ni kwamba mtindo huu uliundwa kwa ajili ya kuita na haukuundwa kwa ajili ya kueleza. Muundo wa maneno ya Kirundi na Kiswahili, hasa mahali pa kiambishi cha ukanushi, huzidisha gharama ya kuutumia katika matangazo ya afya na usalama. Aidha, makala inaonyesha kuwa kuipa lugha moja herufi za mlazo na nyingine herufi za wima ni uamuzi wa hadhi ya lugha, hata pale unapofanywa na mchapaji asiyekusudia hivyo. Mwishoni yanatolewa mapendekezo matano kwa washauri wa sera.

Istilahi muhimu: fonti, italiki, mandhari ya lugha, sera ya lugha, ukanushi, Bujumbura

1.0 Utangulizi

Bujumbura ni mji ambamo ubao mmoja unaweza kudaiwa na lugha nne. Kirundi ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifaransa kimebaki katika ofisi, shule na mahakama tangu utawala wa Wabelgiji. Kiingereza kiliongezwa katika orodha ya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2014 kuhusu hadhi ya lugha. Kiswahili nacho kimesikika hapa tangu siku ambazo mji uliitwa Usumbura na ulikuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Hadi leo ndicho lugha ya mtaa wa Buyenzi, ya wafanyabiashara na wavuvi wa Rumonge na Nyanza-Lac, na ya wasafiri wanaopita kati ya Bujumbura, Uvira na Kigoma.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2021 wakuu wa nchi wa Jumuiya waliridhia Kiswahili na Kifaransa vitumike rasmi sambamba na Kiingereza. Tangu hapo mjadala wa wataalamu umejikita katika maswali ya lugha ipi itumike wapi: shuleni, bungeni, mpakani, hospitalini. Swali lililosahaulika ni la sura ya herufi. Lugha haifiki ukutani ikiwa mtupu. Hufika imevaa herufi za aina fulani, na vazi hilo huwaambia wasomaji jambo kabla hawajasoma neno la kwanza.

Makala hii inachukua vazi moja tu, nalo ni herufi nzito, za pembe, zenye mlazo. Limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mtindo unaopendwa na wachapaji wa mabango, wachoraji wa magari na watengenezaji wa fulana za michezo kote Afrika Mashariki. Pili, ni mtindo wenye nguvu nyingi na mipaka mingi kwa wakati mmoja, hivyo unafaa kuonyesha kwa nini uchaguzi wa fonti unastahili nafasi katika sera ya lugha.

2.0 Sifa na asili ya mtindo

2.1 Sifa tatu

Fonti ni seti ya herufi, tarakimu na alama zilizobuniwa kwa sura moja. Fonti za matini, kama zile za kitabu au gazeti, hubuniwa ili zisomwe kwa muda mrefu bila msomaji kuzitambua. Fonti za mabango hubuniwa kwa lengo lililo kinyume: zionekane mara moja, kwa maneno machache, kwa ukubwa na kutoka mbali.

Mtindo unaojadiliwa hapa una sifa tatu zinazoshirikiana. Ya kwanza ni unene. Mistari ya herufi imenenepeshwa hadi uwazi wa ndani, kama ule wa A, B au R, unabaki mdogo. Ya pili ni upembe. Mahali ambapo herufi ya kawaida ingepinda, hapa imekatwa kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo O hufanana na umbo lenye pande nane na S hukaribia tarakimu 5. Ya tatu ni mlazo. Herufi zimeinamishwa kuelekea kulia, upande ambao jicho la msomaji wa maandishi ya Kilatini linaelekea.

Ni muhimu kutofautisha mlazo uliobuniwa na mlazo wa bandia. Mbunifu stadi anapotengeneza herufi za mlazo, huchora upya kila herufi na kurekebisha unene wake. Programu ya kompyuta, ikiombwa kuilaza fonti isiyo na toleo la mlazo, huisukuma tu kama mtu anayesukuma mlango wa uzio ulioachia. Matokeo yake ni kwamba katika herufi kama V, W na M mstari mmoja husimama karibu wima na mwenzake hulala zaidi, na O hunenepa katika kona mbili na kukonda katika nyingine mbili. Kasoro hiyo haionekani sana katika herufi nyembamba za matini, lakini katika herufi nzito za bango huonekana wazi.

2.2 Historia kwa ufupi

Italiki ilizaliwa Italia. Mwaka 1501 mchapaji Aldus Manutius wa Venice alitoa kitabu cha mashairi ya Virgil kilichochapwa chote kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo, zikifuata mwandiko wa kalamu wa wasomi wa wakati huo. Katika herufi hizo za awali ni herufi ndogo tu zilizolala. Herufi kubwa zilibaki wima. Italiki hiyo ilikuwa ya matini kamili, tena nyembamba, na haikuwa na uhusiano wowote na kelele ya bango.

Unene ulikuja baadaye, na ulitoka sokoni. Mwanzoni mwa karne ya 19 wachapaji wa London walihitaji herufi za kuuzia bidhaa katika matangazo makubwa ya ukutani, nao waliunda herufi nzito za namna nyingi. Mwaka 1816 William Caslon IV alionyesha herufi za kuchapa zisizo na vijino mwishoni mwa mistari, na mwaka 1845 Robert Besley alitoa herufi za Clarendon, ambazo unene wake ulitumika kukoleza neno ndani ya matini ya kawaida.

Uhusiano kati ya mlazo na mwendo ulitangazwa waziwazi karne moja iliyopita. Mwaka 1913 Mwitalia Filippo Tommaso Marinetti, kiongozi wa kundi la sanaa lililosifu mashine na kasi, alipendekeza ukurasa mmoja uchanganye aina nyingi za herufi: italiki kwa hisia za haraka, herufi nzito kwa tanakali za sauti zenye kishindo. Kuanzia miaka ya 1980 msanii wa Marekani Barbara Kruger alionyesha kazi nyingine ya mtindo huo. Alitumia toleo zito la mlazo la Futura, fonti iliyobuniwa na Mjerumani Paul Renner na kutolewa mwaka 1927, kuandika sentensi fupi zenye changamoto juu ya picha. Futura si fonti ya pembe kwa maana kamili, lakini somo lake linafaa hapa. Herufi nzito za mlazo hufaulu pale maneno yanapokuwa machache na sauti inapokusudiwa kuwa ya juu.

3.0 Kazi ambazo mtindo huu huzifanya vizuri

Kutokana na sifa na historia hiyo, mtindo huu una kazi tatu zinazoufaa.

Kazi ya kwanza ni kutaja jina. Jina la klabu, la duka, la tamasha au la basi ni neno moja au mawili ambayo msomaji hukutana nayo tena na tena, hadi huyatambua kwa umbo lake kama anavyotambua uso. Hapa ugumu wa kusoma si tatizo. Klabu ya Vital'O ya Bujumbura, iliyofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992, haihitaji shabiki wake aisome herufi kwa herufi. Jina la namna hiyo likiandikwa kwa herufi nzito za pembe na mlazo hupata mwendo na ukakamavu unaoendana na uwanja wa mpira.

Kazi ya pili ni kuita. Neno kama "Leo", "Mpya" au "Karibu" juu ya bango hufanya kazi ya mpiga mbiu. Linamtaka mpita njia ageuze kichwa, kisha maelezo yaliyo chini yake yaendelee kwa herufi tulivu.

Kazi ya tatu ni kuonyesha mwendo, hasa katika vyombo vya usafiri. Hapa kuna jambo la kijiometria ambalo hupuuzwa. Herufi za mlazo huinama kuelekea kulia kwa msomaji. Anayetazama ubavu wa kulia wa gari huona mbele ya gari ikiwa kulia kwake, kwa hiyo mlazo huinama kuelekea gari linakokwenda. Anayetazama ubavu wa kushoto huona mbele ya gari ikiwa kushoto kwake, na herufi zilezile huonekana kama zinarudishwa nyuma na upepo. Burundi, kama Rwanda na Kongo, huendesha magari upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo mtu aliyesimama ukingoni akisubiri basi huona ubavu wa kulia, ambako mlazo unakwenda na gari. Katika Tanzania, Kenya na Uganda, ambako magari hupita kushoto, mtu wa ukingoni huona ubavu wa kushoto, na mlazo huenda kinyume na gari. Kampuni inayopaka rangi mabasi yanayovuka mipaka ya Jumuiya ingefaa kulijua hilo kabla ya kuagiza kazi.

4.0 Mtindo huu mbele ya maneno ya Kirundi na Kiswahili

Fonti nyingi za mabango zilibuniwa na kujaribiwa kwa maneno ya lugha za Ulaya. Zinapobebeshwa lugha za Kibantu, mambo manne hujitokeza.

4.1 Safu ya fito

Kirundi na Kiswahili hutumia sana irabu u na konsonanti m, n na w, kwa sababu herufi hizo hujenga viambishi vya ngeli na vya nafsi. Katika fonti ya pembe, herufi ndogo u na n ni umbo moja lililopinduliwa. Tofauti yao ni mahali fito mbili zinapounganishwa, juu au chini. Unene ukiongezeka, kiungo hicho huwa kikato kidogo tu. Neno "kununuliwa" lina mfululizo wa u-n-u-n-u, yaani herufi tano na fito kumi zilizopangwa sambamba, zote zikiinama upande mmoja. Maneno ya Kirundi "umuntu" na "umunyagihugu" yana hali hiyohiyo. Jicho huona uzio kabla ya kuona neno.

Kutumia herufi kubwa hupunguza tatizo hilo lakini huzaa jingine. Katika BUJUMBURA, herufi nne kati ya tisa, yaani B mbili, R na A, zina uwazi wa ndani uliofungwa, na unene ukizidi uwazi huo huziba. Katika DODOMA, D na O zilizokatwa pembe hukaribiana mno. Msomaji anayelijua jina la mji hatapotea. Anayekutana na jina geni la kijiji au la dawa anaweza kupotea.

4.2 Mahali pa ukanushi

Jambo hili ndilo zito kuliko yote. Kifaransa na Kiingereza hukataza kwa maneno yanayojitegemea, yanayotengwa na kitenzi kwa nafasi nyeupe. Kiswahili hukataza kwa silabi moja iliyofichwa ndani ya kitenzi: "mnywe" ni ruhusa, "msinywe" ni katazo. Tofauti ni herufi mbili, s na i. Kirundi nacho hukataza kwa kiambishi kilichoshikamana na kitenzi: "munywe" na "ntimunywe". Hakuna nafasi nyeupe inayomwonya msomaji kuwa amekutana na katazo.

Sasa tuweke neno MSINYWE katika herufi nzito za pembe na mlazo. M, N, Y na W zote ni mistari ya mshazari au ya wima, na mlazo umeharibu ulinganifu wake. S imekatwa pembe. I ni fito moja nyembamba kuliko majirani wake wote, iliyobanwa kati ya S na N. Silabi inayobeba maana ya tangazo zima ndiyo inayoonekana kwa shida zaidi.

Suala hili si la nadharia tu. Tarehe 1 Januari 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu. Tangu mwaka 2020 kupanda kwa maji ya Ziwa Tanganyika na kufurika kwa mto Rusizi kumewahamisha watu wa Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, ambako Kirundi na Kiswahili husikika pamoja. Matangazo yanayohitajika katika hali kama hizo ni ya kukataza na kuelekeza: maji yasinywewe, njia isipitwe, watu wasirudi kabla ya wakati. Mbunifu anayetaka tangazo lionekane la dharura huvutiwa kwa haki kabisa na herufi zenye kishindo. Kishindo hicho humfikia msomaji wa Kifaransa pamoja na katazo lake, na humfikia msomaji wa Kiswahili au Kirundi katazo likiwa limedhoofika.

4.3 Ritifaa na alama za juu

Tahajia ya Kiswahili hutumia ritifaa kutofautisha ng' na ng, kama katika "ng'ombe" na "ngoma". Kirundi hutumia ritifaa kila mara irabu inapodondoshwa kati ya maneno, na jina lenyewe la nchi huandikwa "y'Uburundi" baada ya neno linalomilikiwa. Katika fonti nyingi za mabango ritifaa haikupewa uangalifu. Huweza kukosekana kabisa, programu ikaiazima kutoka fonti nyingine iliyo wima na nyembamba. Au huwekewa nafasi kubwa mno, na neno moja likaonekana kuwa mawili.

Kifaransa kina tatizo lake, nalo ni alama za juu ya herufi kubwa. É na È zinahitaji nafasi juu ya mstari. Mabango ya herufi nzito hupangwa kwa mistari iliyobanana, na alama hizo hukatwa au huachwa. Tahajia ya kawaida ya Kirundi na Kiswahili haiweki alama za juu, na toni za Kirundi huonyeshwa katika kamusi na sarufi za kitaalamu tu. Kwa hiyo fonti iliyojaribiwa kwa lugha moja haithibitishi kwamba inafaa kwa nyingine.

4.4 Urefu wa maneno

Kaulimbiu ya taifa la Burundi inafaa kutumiwa kama kipimo, kwa kuwa maana yake ni moja katika lugha zote. Kwa Kirundi ni "Ubumwe, Ibikorwa, Iterambere", herufi 24. Kwa Kifaransa ni "Unité, Travail, Progrès", herufi 19. Kwa Kiswahili "Umoja, Kazi, Maendeleo" ni herufi 18, na tafsiri ya Kiingereza ina herufi 17. Ubao ukigawanywa katika mistari minne yenye upana uleule, na kila mstari ukajazwa toka ukingo hadi ukingo, herufi za Kirundi zitabaki takribani asilimia 71 ya ukubwa wa herufi za Kiingereza. Lugha ya taifa ndiyo itakayoandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote.

Wachapaji wengi hukwepa jambo hilo kwa kuibana fonti kwa kompyuta badala ya kuipunguza. Kubana huko hukondesha mistari ya wima na kuiacha ya mlalo na unene wake wa awali. Katika fonti nzito ya pembe, ambayo uzuri wake wote umo katika uwiano wa unene, herufi hugeuka kuwa mafungu ya vipande visivyolingana.

5.0 Mlazo na upembe kama ishara za hadhi

Hadi hapa tumezungumzia usomekaji. Lipo suala la pili ambalo washauri wa sera watalitambua kwa urahisi, nalo ni hadhi.

Mfano ulio wazi zaidi uko nje ya Afrika. Katika alama za barabarani za Ayalandi, jina la mahali kwa Kiayalandi huandikwa juu kwa herufi za mlazo, na jina la Kiingereza huandikwa chini yake kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Katiba ya mwaka 1937 inakitaja Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza. Hata hivyo msomaji wa alama hizo huona lugha moja iliyosimama na nyingine iliyoegemea. Chama cha kutetea lugha hiyo, Conradh na Gaeilge, kimedai lugha zote mbili zipewe herufi za hadhi sawa. Nia ya awali ilikuwa njema, yaani kumsaidia dereva atofautishe lugha haraka. Tokeo lake limekuwa mpangilio wa hadhi unaopingana na katiba.

Bujumbura ina sababu ya kujifunza kutokana na hilo. Katika uandishi wa kitaaluma sote tumezoea kuweka maneno ya kigeni katika italiki. Kanuni hiyo ina maana pale lugha ya mwenyeji inapojulikana. Katika ubao wa lugha nne swali "mgeni ni nani?" halina jibu lisilo la kisiasa. Kiswahili kikiandikwa kwa mlazo kila mara chini ya Kifaransa kilichosimama, kitasomeka kama lugha ya kupita. Aidha, Kiswahili kikionekana katika herufi za kishindo za matangazo ya biashara peke yake, huku herufi tulivu za ofisi zikiachiwa Kifaransa, mji utakuwa umekipangia Kiswahili kazi ya soko na kukinyima kazi ya serikali, bila kikao chochote kuamua hivyo.

Upembe nao una historia yake. Mwaka 1923 Mjerumani Rudolf Koch alitoa fonti ya Neuland, nzito na ya pembe ingawa haina mlazo, aliyoichonga moja kwa moja katika metali. Haikukusudiwa kuhusu Afrika. Hata hivyo, katika miongo iliyofuata wachapaji wa Marekani waliifanya alama ya mambo ya kigeni na ya porini, na ikaonekana katika majalada ya vitabu kuhusu Afrika na kutumika katika nembo ya filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993. Mhakiki Rob Giampietro alieleza mwaka 2004 jinsi fonti hiyo ilivyogeuzwa kuwa picha potofu ya watu weusi. Kwa hiyo taasisi ya Afrika Mashariki inayochagua herufi nzito za pembe kwa jalada la ripoti yake, kwa kudhani zina "sura ya Kiafrika", hupokea sura iliyochorwa kwingine na kwa ajili ya wengine. Hoja hii haizuii kuzitumia. Inadai tu kwamba zichaguliwe kwa kazi zinazoifanya, wala si kwa nasaba ambayo hazina.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, makala inapendekeza mambo matano kwa wizara, halmashauri za miji na vyombo vya Jumuiya, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar.

(a) Mwongozo wa mabango ya umma utenganishe kazi mbili, kuita na kueleza. Herufi nzito za pembe na mlazo ziruhusiwe katika jina, kichwa cha habari na neno moja la wito. Maelezo, maelekezo na makatazo yaandikwe kwa herufi zilizosimama, zenye uwazi wa kutosha na zenye herufi ndogo na kubwa. Uingereza ilifuata njia hiyo katika alama za barabarani zilizobuniwa na Jock Kinneir na Margaret Calvert na kuanza kutumika nchini kote mwaka 1965.

(b) Katika makatazo ya afya na usalama, ukanushi upewe msaada wa pili usiotegemea silabi moja. Msaada huo unaweza kuwa alama ya kuchora ya kukataza, au neno la kutangulia kama "Marufuku" kwa Kiswahili, likifuatwa na sentensi kamili. Kila lugha itafutiwe namna yake badala ya kutafsiri muundo wa Kifaransa.

(c) Lugha zote zilizo katika ubao mmoja zipewe fonti moja, mlazo mmoja na ukubwa mmoja wa herufi. Upana wa ubao upangwe kwa kufuata lugha yenye maneno marefu zaidi, ambayo mara nyingi itakuwa Kirundi. Lugha zitofautishwe kwa mpangilio na nafasi.

(d) Kabla ya fonti kununuliwa au kuidhinishwa, ijaribiwe kwa maneno magumu ya lugha zote. Mstari mmoja unatosha: Msinywe, ntimunywe, kununuliwa, ng'ombe, y'Uburundi, PROGRÈS, BUJUMBURA, DODOMA. Mstari huo uchapwe kwa ukubwa halisi, uwekwe kwa umbali halisi, na wasomaji wa kila lugha wausome kwa sauti. Gharama yake ni karatasi moja na nusu saa.

(e) Taasisi za umma zihimizwe kutumia fonti zenye leseni huria kwa matini ya maelezo. Mfano wa karibu ni Andika, fonti iliyobuniwa na shirika la SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, ambayo herufi zake zimetofautishwa kwa makusudi zisichanganywe. Jina lake ni neno la Kiswahili, na inapatikana bila malipo. Ikikaa chini ya kichwa cha habari cha herufi nzito za mlazo, kila moja hufanya kazi yake.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kuwa herufi nzito za pembe na mlazo ni chombo kizuri chenye mahali pake. Hutaja jina, huita, huonyesha mwendo. Zikipewa kazi ya kueleza na kukataza, hushindwa katika Kirundi na Kiswahili kuliko katika Kifaransa na Kiingereza, kwa sababu zinazotokana na muundo wa maneno wala si na uzembe wa wasomaji. Zikigawiwa lugha moja na kunyimwa nyingine, hupanga hadhi ambayo sheria haikuipanga.

Sera ya lugha ya Burundi na ya Jumuiya imeshajibu, kwa kiasi kikubwa, swali la lugha zipi zina haki ya kuonekana hadharani. Hatua inayofuata ni kuhakikisha kwamba zikionekana zinasomeka, na kwamba mkazi wa Gatumba anayesoma kwa Kirundi au Kiswahili anapata onyo lilelile, kwa uzito uleule na kwa wakati uleule, na jirani yake anayesoma kwa Kifaransa.